CT skani imefika mkoani, jina la uvimbe bado liko kwenye bloku

Tangu hospitali za rufaa za mikoa zianze kupata CT skani kuna maneno nayasikia kila kona, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa watu wa afya wenyewe: siku hizi hamna kubahatisha, mtu anaingia kwenye mashine anatoka na jina la ugonjwa wake. Ukiongeza na haya mambo ya akili mnemba inayosoma picha, ndo kabisa, watu wameshaamini kwamba ukiambiwa una kansa ya ini kabla ya upasuaji halafu baada ya upasuaji majibu yakaja na jina lingine, basi kuna mtu alilala kazini au kuna mtu alitaka hela. Mimi naona tumelishika kinyume. Kwa uvimbe wa ini, hasa ule wa nadra, mashine zikiongezeka tutapata maswali mengi kuliko majibu, na majina mengi yataendelea kubadilika baada ya kukata, na mara nyingi kubadilika huko sio kosa la mtu. Makosa yapo, tena makubwa, ila yamekaa sehemu ambayo hakuna kiongozi anayeenda kukata utepe.

Niseme mapema ninaongelea wapi. Niko maabara ya patholojia, kazi yangu ni kukata vinyama vilivyogandishwa kwenye nta (ndo bloku yenyewe) na kuvipaka rangi, slaidi anasoma mwingine na kisu anashika mwingine, kwa hiyo nichukulieni kama mtu wa jikoni anayesikia wateja wakigombana huko mbele. Kuna kipindi tuliletewa kipande cha ini cha mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, fomu imeandikwa kansa ya ini. Homa ya ini B hana, C hana, pombe hanywi, kipimo cha damu cha AFP, ambacho hupanda kwenye kansa nyingi za ini, kiko kawaida, ila picha ilionyesha uvimbe unaowaka kama taa. Majibu ya mwisho: angiomailipoma, na sio kansa. Mume wake alikuja juu kweli kweli, akaniambia, "Dada, kiwanja nimeuza, mke wangu nusu ya ini imeenda, halafu mnaniletea karatasi mnasema hana kansa, mimi nishukuru au nilie?" Sikuwa na jibu pale dirishani. Ila nikitazama yale makaratasi sioni daktari gani angeweza kusema kwa uhakika kabla ya kukata kwamba ile sio kansa, awe wa hapa au wa huko India tunakokimbilia.

Kwa nini? Inabidi tuelewe picha inafanyaje kazi, maana watu wanadhani CT inaona kansa. Haioni kansa, inaona damu inavyopita. Ini lina kitu cha peke yake, linapata damu kutoka njia mbili, karibu robo tatu inatoka kwenye mshipa unaoleta damu ya utumbo na robo hivi inatoka kwenye ateri. Kansa ya ini ya kawaida, ile inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe, inakula damu ya ateri. Kwa hiyo mgonjwa anachomwa dawa ya kontrasti, baada ya kama nusu dakika dawa iko kwenye ateri, uvimbe unawaka kuliko ini linalouzunguka, baadae dakika zikisogea ini linajaa dawa na uvimbe unafifia. Kuwaka halafu kufifia, hiyo ndo saini yake. Na saini hii inaaminika kiasi kwamba kansa ya ini ni moja ya kansa chache sana duniani ambazo mtu anaruhusiwa kuanzishiwa matibabu kwa picha tu bila kutolewa kinyama. Hapo ndipo imani ya watu ilipozaliwa, na sio imani ya kijinga, ina msingi wake.

Shida ni kwamba saini hiyo inaghushiwa. Angiomailipoma imejengwa na mishipa ya damu, misuli laini na mafuta. Mafuta yakiwa mengi mtu wa picha anayaona na anakwambia kabisa hii ni angiomailipoma, lakini kuna ambazo mafuta ni kidogo mno, zimebaki mishipa na seli, nazo zinawaka kwenye ateri na kufifia vile vile. Na ili mambo yazidi kuwa magumu, kansa ya kawaida nayo inaweza kubeba mafuta ndani yake, kwa hiyo hata ukiyaona hayo mafuta bado hujamaliza. Wenzetu wa China, ambao wanapasua maini mengi sana, wameshaandika ripoti nyingi za wagonjwa wao wa angiomailipoma na wanakiri wazi kwamba wengi wao waliingia teata na jina la kansa. Adenoma ya ini, uvimbe mwingine ambao sio kansa, nayo inawaka. Hii inawapata zaidi wanawake waliotumia vidonge vya uzazi wa mpango miaka mingi na wanaume wanaotumia homoni za kujaza misuli (vijana wa jim mnaochoma sindano kimya kimya mko humu). Kansa iliyotoka kongosho au utumbo, ya aina ile inayotengeneza homoni, ikihamia kwenye ini nayo inawaka. Wote hao wamevaa sare moja.

Sasa kuna jambo ambalo naona hata watu wa afya wanalisahau. Ile kanuni ya kuwaka na kufifia haikutungwa kwa ajili ya kila mtu. Mfumo wa kusoma picha za ini unaoitwa LI-RADS, ambao Chuo cha Wanaradiolojia cha Marekani kimeanza kuutumia 2011, umeandika wazi kwamba ni kwa watu wazima wenye hatari kubwa, yaani wenye ini lililosinyaa kwa sirosisi, wenye homa ya ini B ya muda mrefu, au waliowahi kuwa na hiyo kansa. Kwa hao, uvimbe ukiwaka na kufifia, uwezekano wa kuwa kitu kingine ni mdogo. Kwa mama wa miaka thelathini asiye na virusi na ini lake zima, picha ile ile haina nguvu ile ile. Sio picha iliyobadilika, ni mtu aliyebadilika. Ni kama homa tu, mtoto wa kijijini ziwani akichemka utawaza malaria kwanza, mtu aliyekaa Norway mwaka mzima akichemka hutawaza malaria, na kipimajoto ni kile kile.

Hapo mtu wa Ulaya angesema basi rahisi, muulize mgonjwa historia yake. Kwetu sio rahisi hivo, na hii ndo sehemu inayonisumbua zaidi. Huko kwao kansa ya ini ni ugonjwa wa wazee wenye ini lililoharibika, kwa hiyo kijana mwenye ini zima akipata uvimbe wanashtuka na kuanza kutafuta vitu vya nadra. Huku kwetu homa ya ini B imejaa, wengi wameipata utotoni kabla chanjo yake haijaingia kwenye chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, na juu yake kuna sumukuvu, sumu ya fangasi, kwenye mahindi na karanga. Kenya 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na sisi 2016 tulikuwa na mlipuko Dodoma na Manyara, ila hiyo ni ya kuua haraka, ile inayoleta kansa ni ya kidogo kidogo kwenye ugali wa kila siku. Virusi na sumukuvu vikikutana vinaweza kuleta kansa hata kwenye ini ambalo halijasinyaa, na inawapata watu wa miaka arobaini, thelathini, hata chini ya hapo. Kwa maana hiyo ule ujana na ini zima, alama ambayo kwao inapiga kengele ya ugonjwa wa nadra, kwetu haipigi kengele yoyote. Vitabu vya madaktari wetu vimeandikwa kule, alama zake zimepimwa kwa wagonjwa wa kule.

Mfano mzuri ni kansa inaitwa fibrolamela. Inawapata vijana, ini liko salama, virusi hakuna, AFP mara nyingi iko kawaida. Kuna Mmarekani anaitwa Elana Simon, aliumwa tumbo muda mrefu madaktari wakihangaika na sababu nyingine nyingine, akaja kugundulika nayo akiwa na miaka 12, akapasuliwa akapona. Alipofika sekondari akaingia maabara kuitafuta chanzo chake, na 2014 yeye na wenzake, akiwemo baba yake ambaye ni mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba uvimbe zote 15 walizopima zilikuwa na jeni mbili zilizokatika na kuungana, DNAJB1 na PRKACA. Leo huo muungano ndo kitambulisho cha ugonjwa. Angalia hilo, kitambulisho kinasomwa kwenye nyama, hakisomwi kwenye picha. Binti wa Geita au Kisumu mwenye fibrolamela ataandikwa kansa ya ini ya kawaida, na kama amebahatika kuwa na homa ya ini B pia, basi hakuna hata atakayeuliza swali la pili.

Haya, watu wanasema si mtoe kinyama kwanza kabla ya kukata, kuna ugumu gani? Hii hoja ina uzito na siwezi kuibeza. Angiomailipoma ikithibitishwa na sindano, tena ndogo, unaweza kuiangalia tu miaka inaenda. Kuna uvimbe wa uchochezi unaoyeyuka kwa dawa, kuna TB ya ini inayojifanya kansa kabisa na inaisha kwa vidonge vya TB, kuna limfoma, kansa ya mfumo wa limfu, ambayo haitaki kisu inataka dripu. Kwa watu hao sindano moja ni ini zima lililookolewa. Lakini upande wa pili nao sio wa watu waoga. Sindano ikichoma kansa inaweza kuburuza seli kwenye njia yake, uchambuzi mmoja wa 2008 uliounganisha tafiti kadhaa ulikuta imetokea kwa asilimia 2.7, na kwa mtu ambaye angepona kabisa kwa kukatwa hiyo sio namba ya kupuuza. Adenoma na uvimbe wa mishipa inaweza kumwaga damu tumboni. Na kwa ndugu zetu wa Turkana na wafugaji wa Umasaini, ambako tegu wa mbwa anajenga mifuko ya maji kwenye ini, kuchoma mfuko huo bila kujua ni nini kunaweza kumletea mtu mzio wa ghafla wa kuua.

Halafu kuna jambo la jikoni kwangu ambalo huko nje halijulikani. Kinyama cha sindano ni kiuzi chenye upana wa milimita moja na kidogo. Kwenye rangi ya kawaida, ile ya zambarau na pinki tunayopaka kila kitu, seli za angiomailipoma ya aina fulani zinafanana na seli za kansa ya ini hata mwanapatholojia mzoefu anaweza kupita nazo. Ukitaka kuzikamata lazima uwaze kwanza kwamba inaweza kuwa angiomailipoma, ndo uagize rangi ya kingamwili inayoitwa HMB-45, ambayo asili yake ilitengenezwa kwa ajili ya melanoma, aina ya kansa ya ngozi. Usipowaza hutaagiza, na kama fomu imeandikwa kansa ya ini ataiwaza nani? Na ukiwaza, chupa ipo? Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema biopsi, yaani kutoa kinyama, ingemaliza utata, nakubali nusu. Msimamo wangu ni kwamba sindano ichomwe pale ambapo majibu yatabadilisha uamuzi, mtu asiye na hatari ya kansa ya kawaida, mtu ambaye hawezi kupasuliwa hata hivyo, mtu ambaye dawa zinaweza kumtosha. Kama vyovyote itakavyokuwa uvimbe lazima utoke, mfano adenoma iliyozidi sentimita tano au iliyomtokea mwanaume, basi upasuaji wenyewe ndo kipimo.

Hoja mbili zilizobaki nitazipitia haraka kwa sababu ni dhaifu. Ya kwanza, kwamba akili mnemba itatatua. Hiyo programu inajifunza kwa kulishwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yanajulikana, na sifa ya ugonjwa wa nadra ni kwamba hayo maelfu hayapo, na yaliyopo mengi ni ya Asia, Ulaya na Marekani. Mashine iliyofundishwa kwa ugonjwa wa kawaida itakuwa hodari wa ugonjwa wa kawaida, na ikikutana na fibrolamela itasema kansa ya ini kwa kujiamini kuliko hata daktari, maana daktari anaweza kukuna kichwa akasema mbona huyu mtu hafanani. Ya pili ni kwamba wanakata kwa ajili ya hela. Sitasema hakuna daktari mwenye tamaa, lakini kupasua ini ni moja ya upasuaji mgumu, damu inaweza kutoka lita kwa lita, hakuna daktari mwenye akili anaamka asubuhi anautamani kama unavyotamani chipsi mayai. Akikata uvimbe ambao hakuweza kuuondolea shaka ya kansa, jina likabadilika baadae, amefanya sawa kwa alichokijua siku ile.

Lakini sitaki madaktari wasome hapa wakajipigia makofi. Kuna makosa halisi na nayaona kwenye fomu zinazotufikia. Uvimbe unapelekwa teata homa ya ini B haijapimwa. Picha imepigwa awamu moja tu, dawa imechomwa mapema au imechelewa, ile ya ateri imekosekana, sasa utaonaje kuwaka? Mashine ni nzuri lakini mtu wa kuhesabu sekunde hajafundishwa. Kenya walipoanza mradi wao wa kukodishia kaunti vifaa mwaka 2015 kelele zilizokuja kutoka kwa maseneta zilikuwa hizo hizo, vifaa vimekaa, watu wa kuviendesha hawapo. Tena mara nyingi daktari wa upasuaji, wa picha na wa patholojia hawajawahi kukaa meza moja kuhusu mgonjwa huyo. Na kosa ambalo halihitaji hata shilingi kulirekebisha ni lugha. Yule mume aliambiwa "ni kansa". Hakuambiwa "tunadhani ni kansa, hatuwezi kuwa na uhakika mpaka itoke, na inaweza kuja kuwa kitu kingine". Hayo maneno kama kumi na tano hivi. Kiwanja labda angeuza vile vile, lakini asingekuja dirishani kwetu akijiona katapeliwa.

Na sasa niseme kile ambacho hakuna anayelalamikia, kwa sababu wa kulalamika hawapo. Wote tunabishana kuhusu waliokatwa jina likabadilika, ila wengi wenye uvimbe wa ini kwetu hawafiki teata wala hawachomwi sindano. Picha inaonyesha madoa mengi ini zima, wanaambiwa imeshasambaa, mrudisheni nyumbani. Kuna uvimbe wa nadra unaoitwa hemanjioendothelioma ya epithelioidi, unakuja na madoa mengi pande zote mbili za ini, ukiutazama utaapa ni kansa imehamia kutoka sehemu nyingine, lakini wapo wanaoishi nao miaka mingi, na kule kunakowezekana wengine wanabadilishiwa ini wakiwa na madoa hayo hayo. Huyo akipewa jina la kansa iliyosambaa akapelekwa kijijini, nani atakuja kujua? Kinyume chake pia kipo, uvimbe wa maji wenye tabia ya kugeuka kansa unadhaniwa jipu la amiba, unachomwa, unanyonywa usaha ambao haupo. Jina lililoandikwa siku ya picha ndo linaenda kwenye cheti cha kifo. Kwa hiyo tunaposema magonjwa haya ni nadra kwetu, sehemu ya huo unadra ni kwamba hakuna aliyeyatafuta.

Hali hii itazidi kuwa ngumu, nikiangalia mbele. Watoto waliochanjwa homa ya ini B sasa ni watu wazima, miaka ikienda kansa ya kawaida itapungua kwa vijana, ambalo ni jambo la kushukuru, lakini maana yake ni kwamba lile dhana la "kijana, ini, uvimbe, basi ni kansa ya virusi" litakuwa linakosea mara nyingi zaidi. Wakati huo huo CT za mikoani zitakuwa zinaokota uvimbe kwa watu waliokuja kwa ajali ya bodaboda au mawe ya figo. Uvimbe zaidi, za nadra kwa uwiano mkubwa zaidi, na nyuma ya hizo mashine sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara inakadiriwa kuwa na mwanapatholojia mmoja au pungufu kwa watu milioni moja. Kila mkoa uliopata mashine ulipaswa kupata na njia ya kufikisha kinyama mahali penye chupa za rangi, na slaidi kupigwa picha na kutumwa kwa anayeziweza, na kikao cha wiki hata cha simu. Hayo hayapendezi kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku.

Bloku ya yule mama, kile kipande cha nta chenye nyama yake, haikusomewa kwetu. Rangi ya HMB-45 hatukuwa nayo. Niliifunga kwenye bahasha na kopi ya fomu, nikaandika namba ya simu ya wa kupokea, ikapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kama parseli ya dagaa, majibu yakarudi baada ya wiki saba. Wiki zote hizo yule mama alikuwa nyumbani anajua ana kansa.